Masika Irine Alipofunga Kitambaa

Jumatatu, 8 Machi 1993

Mvua za masika zimeanza. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa hadi kwenye kizingiti cha mlango.

Zamani, nilipokuwa karani kwenye shamba la mkonge kule tambarare, niliandika mambo ya watu mchana kutwa, na nikirudi nyumbani nilimsimulia mke wangu Rosemary yaliyotokea. Shamba likapunguza wafanyakazi, tukapanda kurudi huku mlimani, Mamba, kwenye ardhi ya marehemu baba. Rosemary aliona tangawizi peke yake haitatulisha. Akauza cherehani yake, akaanza kwenda Taveta, upande wa Kenya, kuleta mitumba. Mwanzo alirudi kila mwisho wa mwezi. Sasa hatujamwona tangu Agosti. Ndiyo maana mambo ya siku nayaandika hapa, sina wa kumwambia.

Tumebaki wawili, mimi na binti yetu Irine, mwenye miaka kumi na mitano. Alimaliza darasa la saba mwaka jana, hakuchaguliwa kwenda sekondari. Siku majina yalipobandikwa hakulia. Alirudi, akachota maji, akapika makande. Baadaye nikaona hajanyoa. Miaka yote ya shule alinyolewa kila kichwa kilipoanza kuwa cheusi, na sasa hapakuwa na mwalimu wa kumkagua. Shule ilimnyima nafasi, ikamrudishia nywele. Mama yake alikuwa amemwambia ile Agosti, "Ukimaliza, zifuge. Nikija nizikute." Amezifuga. Jioni hukaa jikoni anazichana kwa chanuo la mti nililomchongea, na zikivutwa zinafika chini ya sikio.

Leo Saada, anayeuza mitumba kwenye gulio letu na ambaye hukutana na Rosemary mpakani, ametuletea salamu. Rosemary atakuja Pentekoste, siku ya kipaimara cha Irine. Irine aliuliza tena na tena kama mama yake alisema "nitakuja" au alisema "nitajaribu." Saada akasema alisema "nitakuja."

Jumatano, 10 Machi

Mvua. Tumepanda maharage shamba la juu. Irine anaimba.

Jumatano, 17 Machi

Irine anataka kutia nywele dawa ya kalikiti. Mama yake alikuwa nayo mara ya mwisho, mawimbi yanayong'aa hadi shingoni, na watu kanisani waligeuka kumtazama. Same sasa kuna saluni, ya mwanamke wa Tanga anayeitwa Mwanahalima, karibu na stendi. Irine amechimba tangawizi ya kijishamba chake mwenyewe na anataka kuiuza kwa ajili hiyo.

Dada yangu Ernesta, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, alikuja kukataza. Alisema msichana wa kipaimara hatakiwi kwenda madhabahuni na kichwa cha dansini. Irine alimjibu kwa heshima kwamba anataka mama akimwona asione tena mtoto wa shule. Ernesta akanitazama mimi. Nimemruhusu aende.

Jumamosi, 20 Machi

Amerudi na gari la jioni. Amefunga kitambaa kichwani, ameingia chumbani, hataki kula. Nimegonga, akasema, "Baba, niache kwanza." Nimemwacha.

Jumapili, 21 Machi

Hatukwenda kanisani. Asubuhi alinifungulia, akakaa kitandani, akafungua kitambaa mwenyewe bila kunitazama.

Sijui niandike vipi. Upande wa kulia hakuna nywele kabisa, ngozi imechubuka na inatoa maji. Upande wa kushoto zimebaki vishungi vishungi, virefu na vifupi, kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Juu ya paji la uso kuna kidonda chekundu.

Amenieleza kidogo kidogo. Saluni ilijaa kwa sababu ya harusi. Mwanahalima alimpaka dawa, akamwambia ikianza kuwasha aseme, wamwoshe. Ilipoanza kuwasha akasema. Mwanahalima akafungua bomba, maji yalikuwa yamekatika. Mji mzima haukuwa na maji. Walimtuma mtu na ndoo kwa majirani, akarudi na ndoo tupu, wakamtuma mbali zaidi. Irine aliketi na dawa kichwani inamuunguza, na wanawake wengine wanamwambia avumilie kidogo. Alivumilia. Alidhani ndivyo uzuri unavyopatikana. Maji yalipofika na kumwagwa, nywele zilianguka pamoja nayo kwenye beseni. Zilizobaki Mwanahalima alizikata kwa mkasi.

Nilitoka nikasimama uwanjani. Huku mlimani maji yanateremka kila upande, yanaingia hadi zizini, hatujui tuyapeleke wapi. Na kule chini hapakuwa na ndoo moja ya kumwoshea mwanangu.

Jumatatu, 22 Machi

Zahanati. Nesi alimsafisha vidonda, akampaka dawa ya jivii. Sasa kichwa kina mabaka ya zambarau. Njiani kurudi alitembea nyuma yangu, na tulipokutana na watu alijificha mgongoni kwangu kama alipokuwa mdogo.

Ernesta alikuja jioni. Alitazama, akasema alionya, na kwamba kiburi kina malipo yake. Nilimwambia aondoke nyumbani kwangu. Sijawahi kumwambia dada yangu neno kama hilo. Aliondoka kwenye mvua bila mwavuli.

Ijumaa, 26 Machi

Nesi alisema kichwa kioshwe kila siku kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Irine mwenyewe hathubutu kugusa. Hataki Ernesta amguse. Majirani hataki waone. Kwa hiyo namwosha mimi.

Siku ya kwanza tuliona haya wote wawili. Binti akishakua, baba hamwoshi kichwa. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikasimama nyuma, na nilikuwa nimeshika kitambaa cha kuoshea kama mtu aliyeshika yai. Maji yalipogusa kidonda mabega yake yalipanda, lakini hakulia. Nilimwomba alie kama inauma. Akasema akilia, nitaacha.

Leo, nikimwosha, aliniuliza kama nywele zitakuwa zimeota kufikia Pentekoste. Nilisema zitakuwa zimeota. Akauliza, "Kiasi gani?" Nikasema kiasi cha kuonekana. Alihesabu kimya kimya, nilimwona vidole vyake vikitembea juu ya goti.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua haijakatika. Barabara ya Same imemomonyoka kwenye kona ya chini, gari haliji. Irine haendi mafundisho ya kipaimara. Mwinjilisti Elinaza alikuja kuuliza, Irine akajifungia chumbani.

Jumatatu, 5 Aprili

Leo alikuja mgeni nisiyemtegemea. Niliona mwanamke mnene kidogo anapanda njia ya migombani, amebeba viatu mkononi, gauni limeloa matope hadi magotini. Alipofika alisema, "Shikamoo, Baba Irine. Mimi ni Mwanahalima, wa saluni."

Nilichelewa kuitikia. Siku hizi zote nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia, na nilitaka kuyasema yote hapo hapo mlangoni. Lakini alikuwa anatweta, na mguu mmoja ulikuwa unatoka damu. Gari lilimwacha pale barabara ilipokatika, njia iliyobaki akapanda kwa miguu. Nikasema marahaba, nikamletea kigoda.

Hakujitetea. Alisema tangu siku ile hajamtia mtu dawa kabla ya kujaza mapipa ya maji, na kwamba kila akifunga macho anaona lile beseni. Aliomba amwone. Nilidhani Irine atakataa. Mlango ulifunguka, akatoka, akakaa kwenye kigoda mbele yake na kufungua kitambaa mwenyewe.

Mwanahalima alimtazama kichwa chote kwa vidole, taratibu, anapuliza palipokuwa na unyevu. Alisema mizizi haijafa upande wa kulia, zitaota. Pale juu ya paji la uso vidole vyake vilirudi mara mbili. Irine akamuuliza waziwazi. Mwanahalima akasema, "Hapo sijui, mwanangu. Siwezi kukudanganya mara ya pili."

Alitoa mkasi mdogo, akavikata vile vishungi vya kushoto hadi kichwa kikawa sawa pande zote. Aliacha chupa ya mafuta ya mbarika, akanionyesha mimi namna ya kuyapaka, kwa ncha za vidole bila kusugua. Nilimsindikiza hadi barabarani. Sikumwambia hata moja ya yale niliyopanga.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Nimekwenda kanisani peke yangu. Ernesta alikaa benchi la mbele, hakugeuka.

Jumanne, 20 Aprili

Siku ya gulio. Nilimtafuta Saada nimpe salamu za kumpelekea Rosemary, na pia nimwombe amweleze kuhusu kichwa cha Irine, ili asishtuke akija. Saada alikuwa anapanga nguo kwenye turubai. Alisikiliza, akaendelea kupanga, akapanga tena zile zile. Mwisho akaniambia tusogee pembeni.

Rosemary hakai tena Taveta. Yuko Voi, kwa mwanamume mwenye duka la vipuri. Ana mtoto wa kiume, alizaliwa mwezi wa pili. Saada alisema amekuwa akinionea huruma kila gulio na hakujua aanzie wapi.

Nilimuuliza kama ile habari ya kuja Pentekoste aliitunga. Aliapa kwamba Rosemary alisema kwa kinywa chake, na kwamba alilia alipoisema.

Nilinunua chumvi, nikarudi. Njiani mvua ilinikuta nami sikujikinga. Nimefika Irine anapika, akaniuliza Saada amesema nini. Nikasema anatusalimu.

Jumatano, 21 Aprili

Sikulima. Nilikaa bandani na jembe. Nilijaribu kumchukia Rosemary, na nilipomchukia nilimwona anabeba cherehani yake kichwani kwenda kuiuza ili tule. Ni mtu yule yule mmoja. Sijui nimweke wapi.

Jumapili, 25 Aprili

Mvua.

Jumatano, 5 Mei

Vidonda vimekauka. Upande wa kulia kumetokea kivuli cheusi, laini kama cha kichwa cha mtoto mchanga. Nilimwita Irine nje kwenye mwanga nikampa kioo. Alijitazama muda mrefu, akapitisha kiganja. Pale juu ya paji la uso hapana kitu, pana kovu linalong'aa. Aliligusa mara moja, akanirudishia kioo.

"Baba," akasema, "mama akilicheka hili, nitafanya nini?"

Nilisema mama yake hawezi kumcheka. Alikuwa ananitazama usoni nikaona ananisoma. Akasema nimebadilika tangu siku ya gulio, naamka na kulala na neno mdomoni. Nilimwambia ni barabara, tangawizi itaozea shambani gari lisipokuja. Akakubali, au alijifanya kukubali.

Jumamosi, 15 Mei

Amerudi mafundishoni, amefunga kitambaa. Mwinjilisti Elinaza alimpa tu kitabu na kumwonyesha walipofika. Lakini wasichana wenzake walimcheka njiani, mmoja akajaribu kukivuta. Alikishika kwa mikono miwili akarudi mbio hadi nyumbani. Anasema hataki tena kipaimara. Atamngojea mama nyumbani, mama ataelewa.

Nilikwenda kwa Ernesta. Sikujua nakwenda kusema nini. Nilimwambia tu yaliyotokea, nikamwambia na habari za Voi, kwa sababu sikuweza tena kuzibeba peke yangu. Dada yangu ni mtu mkali, sikumtegemea. Aliniuliza kama Irine anajua. Nikasema hajui. Akaniambia nimwambie kabla hajaambiwa na mwingine. Akaingia ndani bila kuniaga.

Jumapili, 16 Mei

Nimemwambia. Tulikuwa tunapalilia. Nilisema yote kwa mara moja, mtu, duka, mtoto. Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa tuta, akageuka, akarudi anapalilia tuta linalofuata. Alipofika niliposimama aliuliza mtoto anaitwa nani. Sikujua.

Kisha akauliza, "Lakini bado atakuja?"

Jumamosi, 29 Mei

Kesho ndiyo Pentekoste. Barabara imetengenezwa, magari yamepita jana na leo. Irine ameosha gauni jeupe alilopewa na kanisa. Hajasema kama atakwenda, na mimi sikumuuliza.

Jioni Ernesta alikuja na kifurushi. Alimwita Irine, akamwonyesha. Alikuwa amekata shuka zake nyeupe, zile za harusi yake ambazo hatukuwahi kuziona zimetandikwa, akashona vitambaa vya kichwa kwa ajili ya wasichana wote wa kipaimara. Amepita nyumba hadi nyumba, amewaambia kina mama kwamba mwaka huu wasichana wote watafunga. Mama mmoja alibisha, binti yake amesukwa vizuri. Ernesta alisema alikaa kwa mama huyo hadi akakubali.

Irine alisema, "Shangazi, asante." Ernesta alimfunga chake kwa mkono wake, akakirekebisha kwenye paji la uso mpaka kovu likafunikwa. Alipomaliza, mikono yake ilibaki pale kichwani kwa Irine muda kidogo.

Jumapili, 30 Mei. Pentekoste

Walisimama mbele mstari mmoja, vitambaa vyeupe vyote, huwezi kusema nani ana nywele na nani hana. Mchungaji aliwawekea mikono mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Irine alipiga magoti, lakini kabla hajainamisha kichwa aligeuka kutazama mlango wa kanisa. Ulikuwa wazi. Palikuwa na kuku na mwanga wa jua.

Alitazama tena wakati wa sakramenti, na tena wakati wa wimbo wa mwisho. Baada ya ibada alisimama uwanjani hadi gari la Same lilipofika na watu wote kushuka. Nikamwambia twende. Akasema kuna la pili. Tulingoja la pili.

Ijumaa, 4 Juni

Rosemary amekuja leo saa nane mchana.

Nilikuwa nachimba tangawizi nikasikia sauti yake inabisha hodi kama mgeni. Amekonda. Mtoto alikuwa mgongoni amelala. Alinisalimia, nikaitikia, nikampokea begi. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Irine alitoka jikoni. Hakuwa amefunga kitambaa. Mama yake alimtazama kichwa, akauliza nani amemfanyia hivyo. Irine alisema ni dawa tu, imeshapona. Rosemary alisema, "Maskini mwanangu, zitaota," na hapo mtoto akaamka akaanza kulia, ikabidi amshushe amnyonyeshe. Habari ya kichwa ikaishia hapo. Ilikuwa imetuchukua masika nzima.

Baadaye alitoa zawadi. Gauni la kitenge, na mfuko wa vibanio vya nywele, vyekundu na bluu, vyenye vipepeo. Alikuwa amevinunua Mombasa. Irine alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru, akavishika hivyo bila kujua aviweke wapi. Ndipo Rosemary alipoona. Alifunika mdomo, akalia. Irine ndiye aliyemnyamazisha. Alimchukua mtoto akambeba, akatembea naye uwanjani. Mtoto ana nywele nyingi, nyeusi, zimejikunja zenyewe. Nilimwona Irine anaweka shavu lake juu yake.

Mtoto anaitwa Evance.

Jumamosi, 5 Juni

Asubuhi Rosemary alituweka chini sisi wote wawili. Alisema kwangu hataomba msamaha kwa sababu hatarudi, na kuomba msamaha huku unaondoka ni kunidhihaki. Nilimshukuru kwa hilo, kwa kweli. Kisha akamgeukia Irine. Alisema huko Voi kuna nyumba ya matofali, kuna umeme, Irine atakuwa na kitanda chake. Yeye anashinda dukani na sokoni, na mtoto hana mtu wa kumwangalia.

Irine aliuliza kama huko kuna shule ya kushona, au ya kazi yoyote. Rosemary alisema hayo yataonekana mbele ya safari, kwanza Evance akue kidogo.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Kama angetaka kwenda na mama yake, nisingemzuia, na kama angekwenda, sijui ningebaki mtu wa namna gani.

Irine alifikiri. Akasema, "Mama, ulipotuma salamu kwamba utakuja Pentekoste, nilikungoja hadi gari la mwisho. Sina hasira. Lakini sitakwenda."

Rosemary alisema mtoto aliugua homa, hakuweza kusafiri. Irine alisema anaelewa. Alimsindikiza hadi barabarani, amembeba Evance mgongoni njia nzima. Alirudi peke yake, akaingia chumbani, na huko ndiko alikolia kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nilikaa kizingitini. Hakuniambia nimwache.

Jumatano, 16 Juni

Mvua zimekwisha. Baridi.

Irine amesema anataka kwenda Same kujifunza kazi kwa Mwanahalima. Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema Mwanahalima ndiye mtu pekee mwaka huu aliyepanda huku kwa miguu kuja kumwona, na ndiye aliyemwambia "sijui" badala ya kumwambia zitaota. Nami ni mmoja wa waliomwambia zitaota. Nimekubali.

Jumatatu, 21 Juni

Leo nimemteremsha. Ernesta alimfungia shuka moja iliyosalia na maharage. Same kulikuwa na vumbi na upepo, kama vile mvua haijawahi kunyesha duniani. Mwanahalima alimwonyesha chumba cha uani atakachokaa na binti zake, kisha akamwonyesha mapipa ya maji, yote yamejaa na kufunikwa. Irine alifunua kila moja akatazama ndani.

Nywele zake sasa zimefunika kichwa chote isipokuwa lile kovu. Hakuwa na kitambaa. Mteja mmoja alimtazama, akamuuliza kimempata nini, naye akamweleza yote bila kushusha sauti.

Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni. Nilimuuliza mama yake akija tena kumtafuta nimwambie nini. Alitazama upande wa stendi, ambako gari la kwenda Taveta lilikuwa linaita abiria.

"Mwambie niko hapa," akasema. "Ila asije Jumamosi, baba. Jumamosi tunakuwa na wateja wengi."

Akaitwa ndani, akaingia.